Hatimiliki haisemi maji hupita wapi

Mwezi wa Januari Mto Njoro humdanganya mtu. Ukisimama darajani utaona kijito chembamba kinachopenya baina ya mawe, na ukikifuata kuelekea Ziwa Nakuru waweza kufika mahali ambapo hata hicho kijito hakipo. Maji yamezama katika majivu ya kale ya volkeno na nyufa za miamba, na watoto wanacheza kandanda juu ya mchanga ambao ndio mto wenyewe. Ni katika majira hayo, baada ya sikukuu na kabla ya masika, ambapo madalali wa ardhi hupenda kuwaleta wateja. Gari linafika bila kukwama hadi kwenye kigingi cha mpaka, na ploti ya futi 50 kwa 100 inaonekana tambarare kama meza. Mteja huuliza swali moja tu: "Hati ipo?" Hati ipo. Basi mikono inashikwa na bei inapatanwa.

Nakusudia kulijadili swali la pili, lile lisiloulizwa: maji hupita wapi? Nawaelekea walimu wenzangu kwanza, kwa maana mwalimu ni mteja anayependwa sana na wauzaji wa ardhi. Mshahara wake unajulikana, chama chake cha akiba na mikopo kinamwamini, na deni lake hukatwa kabla hajazigusa fedha zenyewe. Akinunua bwawa, atalilipia bwawa hilo miaka nenda miaka rudi bila kukosa mwezi. Wanafunzi nao si wageni katika jambo hili. Wale wa Chuo Kikuu cha Egerton wanaopanga vyumba kule Njokerio huchagua chumba kwa kutazama kodi na umbali wa kwenda darasani. Sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza mto ulifika wapi Aprili iliyopita.

Wa kwanza kupata hasara kubwa hapa Njoro kwa kutouliza hakuwa mwalimu, bali alikuwa Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza aliyekodishwa na serikali ya kikoloni takriban ekari 100,000 mnamo mwaka 1903. Aliona nyasi nzuri zisizo na mifugo, akadhani amebahatika. Mifugo yake ikafa kwa wingi, kwa sababu udongo wa hapo ulikosa madini ambayo mnyama huyahitaji. Wamaasai, ambao walikuwa wamechunga katika Bonde la Ufa kwa vizazi, walikuwa wakiyaepuka malisho yale, na sababu waliijua. Jina lenyewe la Njoro latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya chemchemi, kama vile jina la Naivasha litokanavyo na neno lao la maji yenye kuchafuka. Waliozipa nchi hizi majina walikuwa wametuandikia taarifa fupi kuhusu maji. Hatuisomi.

Sasa tuitazame hati tunayoiamini sana. Kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mahakama huichukulia hatimiliki kuwa ushahidi kwamba aliyetajwa ndani yake ndiye mwenye ardhi. Ukienda kupekua rejista utaambiwa jina la mwenyewe, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna benki au mtu mwingine anayekidai. Hayo ni mambo makubwa, nami simshauri mtu ayapuuze, kwani walioibiwa kwa hati bandia katika nchi hii ni wengi. Lakini rejista ni kitabu cha watu, si kitabu cha maji. Bodi ya ardhi, ambayo idhini yake huhitajika mashamba ya kilimo yanapouzwa, nayo humwita mke au mume wa muuzaji na kuuliza kama ameridhia. Mto hauitwi kutoa ushahidi.

Sheria zinazouhusu mto zipo, tena zimezidi. Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilianza kwa kukataza kulima ndani ya mita 2 za kijito. Kanuni za rasilimali za maji za mwaka 2007 zikasema nafasi inayoachwa kila upande isipungue mita 6 wala isizidi mita 30, kulingana na upana wa mto. Mwananchi wa kawaida, akiwa na kamba yake ya kupimia, ataanzia wapi? Mto usio na maji mwezi wa Januari una upana gani? Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, serikali ilipoamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za mito jijini Nairobi na kubomoa nyumba Mathare na Mukuru, wengi ndipo walipotambua kwamba kipimo hicho huwa cha kweli siku tingatinga linapofika.

Yafaa pia tukumbuke jinsi mashamba yetu yalivyokatwa. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi katika wilaya ya Nakuru yalinunuliwa na kampuni na vyama vya wananchi waliochanga senti zao. Hapa kwetu jina la Ndeffo lingali jina la mahali. Wanachama waligawana kwa kupiga kura. Mpimaji alichora mistari iliyonyooka juu ya karatasi, nambari zikatiwa katika kofia, na kila mtu akachukua aliyojaliwa. Mmoja alipata mwinuko wenye upepo mwanana, mwenzake akapata bonde la matete. Hisa zilikuwa sawa, ekari zilikuwa sawa. Wazee waliopata bonde hawakuwa wajinga. Walilifanya malisho, wakajenga upande wa juu. Ni wajukuu wao waliokuja kulikata bonde hilo vipande vya futi 50 kwa 100 na kuviuza kwa mtu wa kutoka mbali, kwa kuwa mwinuko ulikuwa umekwisha kujaa nyumba.

Wakati huo huo, maji yenyewe yamebadilika. Mto Njoro huanzia katika misitu ya Mau ya Mashariki, huteremka kupitia mashamba, mji na kingo za chuo kikuu, ukaishia katika ziwa lisilo na mto wa kutokea. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 35,000 katika msitu huo wa Mau ya Mashariki ili watu wapewe makazi. Sitaki kuingia katika siasa za Mau, maana hazina mwisho. Nataka tu msomaji afahamu kwamba mvua iliyokuwa ikidondoka juu ya majani na kunywewa polepole na udongo wa msitu, sasa huanguka juu ya viazi, njia za ng'ombe na mabati. Paa la mita za mraba 100 hupokea lita 5,000 za maji mvua ya milimita 50 inaponyesha. Ploti yetu ya futi 50 kwa 100, ikiwa imesakafiwa yote kwa saruji kama ilivyo desturi ya sasa, hutoa zaidi ya lita 23,000 kwa mvua hiyo hiyo. Walimu wa hisabati wawape wanafunzi hesabu ya mtaa wenye ploti 200, kisha wawaulize kalavati ya barabarani ina kipenyo gani. Ukinunua nyumba leo kwa kuwa haijawahi kuingiwa na maji kwa miaka 20, umenunua historia ya mlima uliokuwa na miti na jirani asiyekuwa na saruji.

Kule chini mwisho wa mto, wenzetu wa Mwariki na Barut wamekwisha kuonja. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipungua hata likakaribia kukauka, na watu wakaizoea pwani iliyo mbali. Kuanzia mwaka 2010 likaanza kupanda. Lilikuwa na takriban kilomita za mraba 40; ilipofika mwaka 2020 lilikuwa limepita 60. Lango kuu la mbuga lilimezwa ikabidi lihamishwe, heroe wengi wakahamia maziwa mengine, na familia zilizokuwa zimejenga kwa mawe zikatoka na magodoro vichwani. Naivasha nako, mtaa wa Kihoto ulizama mwaka 2020. Wengi wa watu hao walikuwa na karatasi halali. Serikali ile ile iliyopiga muhuri ndiyo iliyowaambia baadaye kwamba hapo ni mahali pa ziwa. Wataalamu wametoa sababu kadhaa za kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa: mvua nyingi kuliko kawaida, udongo unaosombwa kutoka milimani, na mienendo ya miamba chini ya ardhi. Mnunuzi hahitaji kuamua ni ipi iliyo kubwa zaidi. Ahitaji kujua tu kwamba ziwa hukumbuka mahali lilipowahi kufika.

Ingekuwa rahisi kama hatari ingekuwa mtoni na ziwani tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel kule Solai lilipasuka na kuwaua watu 48. Waliolala chini ya kilima kile hawakuwa wamejenga ndani ya mto. Walikuwa chini ya ukuta wa mtu mwingine. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani, baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka na udongo, yaliachilia yakashuka na kuua watu zaidi ya 50. Hapa napo palikuwa na tuta tu, lililokaa pale miaka mingi hata likaonekana kama sehemu ya mlima. Njoro nayo ina tuta la reli iendayo Kisumu, ina barabara zilizoinuliwa, ina mabwawa ya mashambani. Kwa hivyo, mtu anapotazama ploti, asitazame chini ilipo miguu yake peke yake. Apande juu mwendo wa nusu saa, aone ni nini kilichozuia maji huko, na ni nani anayezibua kalavati. Mara nyingi jibu la swali hilo la mwisho ni kwamba hakuna.

Najua kuna watakaosema kwamba mafuriko makubwa huja mara moja baada ya miaka mingi, basi ya nini kujitia hofu? Hoja hii huvutia, ndiyo maana nimeifanyia hesabu. Chukua mafuriko ambayo kwa wastani hutokea mara moja katika miaka 25. Kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 4, na asilimia 4 haimwamshi mtu usingizini. Lakini nyumba hununuliwa kwa mkopo, tuseme wa miaka 20. Uwezekano wa kuyakwepa mafuriko hayo miaka yote 20 ni 0.96 kuzidishwa kwa nafsi yake mara 20, yaani karibu asilimia 44. Asilimia 56 iliyobaki ni uwezekano kwamba yatafika angalau mara moja kabla hujamaliza kulipa. Hata yale ya mara moja katika miaka 100 yana uwezekano wa asilimia 26 ya kumfikia mtu akaaye hapo miaka 30. Hiyo ni robo. Mwalimu gani angepanda matatu akiambiwa na dereva kwamba robo ya safari zake huishia mtaroni?

Hapa sina budi kusema jambo langu mwenyewe, maana si haki kuwanyoshea madalali kidole na huku mkono wangu una tope. Mwaka 2009, mwaka wa ukame mkali, mimi na ndugu zangu tuliuza kipande cha shamba la marehemu baba yetu kando ya korongo linaloteremka kuingia mtoni. Tulikuwa na karo ya kulipa na deni la hospitali. Mnunuzi alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Aliuliza kama hati ipo, akauliza stima itafika lini, akauliza kama bei ina mazungumzo. Hakuuliza kwa nini baba, katika maisha yake yote, hakupanda mahindi katika kipande hicho ila nduma na nyasi za ng'ombe. Sisi tulijua. Wakati wa mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 1997, maji yalisimama pale siku tatu na ndama wetu mmoja akafa. Hatukumwambia uongo wowote, ila tulinyamaza. Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza humtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na kwa sheria hiyo tulikuwa safi. Aprili 2024 maji yaliingia nyumbani mwake hadi magotini, choo cha shimo kikaporomoka, na kisima alichokuwa amekichimba kikaanza kunuka.

Mambo ambayo angeyaona, laiti angejua kuyatazama, yalikuwa wazi mchana kutwa. Nduma zinazostawi bila kunyweshwa ni dalili. Matete ni dalili. Kule karibu na ziwa, migunga yenye magome ya manjano husema kwamba maji ya chini hayako mbali. Nyuzi za nailoni na mabua ya mahindi yaliyonasa katika ua, yote kwa kimo kimoja, ni kipimo kilichowekwa na mto wenyewe. Tazama nyumba ya jirani wa siku nyingi: kama ameinua msingi wake ngazi tatu juu ya ardhi, hakufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Tazama kuta zilizopakwa rangi mpya upande wa chini tu. Katika sehemu za Nakuru, uliza pia habari za nyufa, maana mvua kubwa imewahi kuifungua ardhi ya majivu na kuacha shimo mahali palipokuwa na njia. Rudi mwezi wa Aprili, rudi Agosti, ambapo Njoro hupata mvua huku sehemu nyingi za nchi zikiwa kavu. Muuzaji anayekataa kungoja hadi Aprili amekwisha kukujibu.

Na uliza watu. Usiulize mmoja aliyeletwa na dalali. Uliza ajuza anayechuma mboga ng'ambo ya korongo. Uliza shuleni. Mwalimu mwenzangu, daftari la mahudhurio ulilo nalo mezani ni kumbukumbu ya mafuriko ambayo pengine haipatikani ofisi nyingine yoyote: siku ambazo watoto wa ng'ambo ya mto hawakufika, mwaka hadi mwaka. Wanafunzi wa jiografia, ambao hutakiwa kufanya utafiti wa nje ya darasa, mara nyingi hupelekwa kuhesabu magari sokoni. Wangeweza kutumwa kwa wazee na kijiti chenye alama, wakaulize maji yalifika wapi mwaka 1961, mwaka 1997, mwaka 2020 na mwaka 2024, kisha waitie ramani hiyo ukutani. Miaka mitano ya kazi hiyo ingewapa Njoro kitu ambacho wanunuzi wangekuja kukisoma.

Hata hivyo si haki kumtwika mnunuzi mzigo wote. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2003, humlazimu anayeuza au kupangisha nyumba katika maeneo yaliyotajwa kuwa ya hatari amweleze mwenzake hatari hizo kwa maandishi. Jimbo la Texas huko Marekani, baada ya mafuriko ya mwaka 2017 yaliyoletwa na kimbunga Harvey, lilipanua sheria yake mwaka 2019 ili muuzaji aseme kama nyumba imewahi kuingiwa na maji. Sisi hatuhitaji fomu ndefu kama zao. Mistari miwili ingetosha katika mkataba wa mauziano: je, maji yamewahi kuingia katika ardhi hii tangu uijue, na yalifika wapi? Anayejibu kwa uongo adaiwe. Bodi za ardhi zingeweza kuuliza swali hilo hilo siku zile zile wanapokaa, bila gharama ya shilingi moja.

Pingamizi ninaloliheshimu si la madalali. Ni la mjane wa bondeni ambaye ploti hiyo ndiyo mali yake pekee. Akisema kweli, bei inaanguka, na yeye hakuchagua bonde; kura ilimchagulia mumewe. Nimewasikia wanaosema bei yake ilikuwa ya uongo tangu awali, kwa hivyo hana alichopoteza. Ni maneno ya mtu aliye juu ya kilima. Naona kwamba mahali ambapo serikali ilitoa hati juu ya njia ya maji, serikali nayo ina deni, iwe ni kwa kununua vipande hivyo na kuvirudisha kuwa malisho ya wote, au kwa kuwabadilishia wenyewe ardhi. Lakini deni hilo halijalipwa Mwariki, na sioni dalili kwamba litalipwa Njoro mwaka huu.

Juzi nilikutana sokoni na yule mwalimu tuliyemwuzia. Amepata uhamisho, na ameipaka nyumba rangi. Mteja wa kwanza amekwisha kuja kutazama, kijana aliyeajiriwa hivi karibuni, akauliza kama hati ipo. "Mwalimu," akaniambia, "nimwambie?" Nikamjibu kwamba amwambie. Akaniuliza tofauti ya bei atalipwa na nani, kisha akanitazama bila hasira, kama mtu anayengoja hesabu imalizwe ubaoni. Jioni niliutafuta mkataba wetu wa mwaka 2009 katika sanduku la baba. Ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, una sahihi zetu wanne na alama ya kidole gumba cha mama, na chini yake nimeanza kuandika kiasi ambacho kila ndugu angepaswa kutoa.